Asidi na Besi katika Mali ya Chama



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina, Katibu alinifungulia kabati akanitolea daftari la wanachama. Tulipolifunua tulikuta kurasa kumi na tatu za mwisho zina matundu. Hayakuwa matundu ya panya, maana panya huanza kutafuna pembeni. Wala hayakuwa ya mchwa, maana hapakuwa na udongo wowote. Kingo za kila tundu zilikuwa za rangi ya kahawia, na nilipozigusa kwa kidole zilimomonyoka kama majivu. Pamoja na karatasi hiyo yalikuwa yamepotea madeni ya pembejeo ya wanachama karibu arobaini, na baadhi ya wajumbe wa Bodi walikuwa wamekwisha kuandika barua ya kumshuku Katibu kwamba amelichoma daftari ili kuficha jambo.

Katibu aliapa kwamba hakuna moto uliowahi kuwashwa katika chumba kile. Nilimwamini, si kwa sababu ya kiapo chake, bali kwa sababu juu ya kabati hilo hilo palikaa betri ya umeme wa jua, na ubao uliokuwa chini ya betri ulikuwa na doa jeusi lililofuata ufa wa mbao hadi rafu ya madaftari. Betri ilikuwa imevuja. Barua ile haikupelekwa.

Mimi si mwalimu wa kemia. Niliisoma katika shule ya sekondari, nikaiacha huko, na kazi yangu tangu hapo imekuwa hesabu za vyama. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kupita katika maghala yetu ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hasara nyingi tunazoziandika katika taarifa kwa jina la "uharibifu" zina asidi au besi ndani yake, na kwamba aliyezipata hakufanya hila wala uzembe, ila hakujua tu. Tangu vyama vya wakulima wa pamba vya kanda hii vilipounganishwa katika Shirikisho la Victoria mwaka 1955, daftari la mwanachama limekuwa ndiyo nafsi ya chama. Si jambo dogo daftari hilo likiliwa na kimiminika ambacho Katibu hakupata kuelezwa tabia yake.

Neno asidi asili yake ni Kilatini, na maana yake ni uchachu. Ndimu ina asidi, ukwaju una asidi, siki ina asidi, na maziwa yanapoganda ni kwa sababu vijidudu vimegeuza sukari yake kuwa asidi. Upande wa pili uko besi, ambayo ladha yake ni chungu na ambayo ukiisugua kati ya vidole huteleza. Maji ya majivu ni ya upande huo, na vilevile magadi, chokaa na sabuni. Tunaijua pia amonia, ile harufu inayochoma pua katika choo kisichosafishwa. Nayo ni besi. Lakini ladha na mguso ni vipimo vya vitu vya jikoni tu. Asidi ya betri na soda kali haziguswi wala kuonjwa hata na mtaalamu.

Maelezo ya sababu ya tabia hizo yalianza kupatikana kwa Msweden aitwaye Svante Arrhenius, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1884 ilipewa na walimu wake alama za chini, na ambaye mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel kwa wazo lililotokana na tasnifu hiyo hiyo. Alieleza kwamba asidi inapokuwa ndani ya maji hutoa chembe za haidrojeni zenye chaji ya umeme, na besi hutoa chembe za namna nyingine, zilizoundwa kwa oksijeni na haidrojeni, zenye chaji iliyo kinyume. Chembe hizo zikikutana huungana kuwa maji, na kinachobaki ni chumvi ya aina fulani. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, waliipanua kanuni hiyo wakasema kwamba asidi ni kile kinachotoa chembe ya haidrojeni na besi ni kile kinachoipokea. Kwa sisi watu wa vitabu vya hesabu kanuni hii haina ugumu: hakuna malipo bila mpokeaji, na pande mbili zikilingana, salio ni sifuri.

Ili kupima uchachu hutumika kipimo kiitwacho pH, ambacho kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, maana mtengeneza bia naye ana haja ya kujua uchachu. Kwa kawaida kipimo hicho huhesabiwa toka 0 hadi 14. Namba 7 ndiyo katikati, yaani maji safi. Chini ya 7 ni asidi, na juu ya 7 ni besi. Jambo ambalo huwapotosha wengi ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Udongo wenye pH 5 haukuzidi udongo wenye pH 6 kwa uchachu kidogo tu, bali mara kumi. Na ukiulinganisha na wenye pH 7, umeuzidi mara mia. Mtu asiyelijua hilo ataiona tofauti ya 6.2 na 5.2 katika cheti cha maabara kuwa ni ya kupuuzwa.

Asiye na maabara anaweza kuziona pande hizi mbili nyumbani kwake. Maji ya choya ni mekundu kwa sababu ua lenyewe lina asidi; ukiyatia magadi kidogo kidogo utaona wekundu unapotea, na rangi inaelekea kwenye buluu au kijani. Akina mama wanajua pia kwamba doa la manjano ya mchuzi kwenye kanga, likiguswa na sabuni, hugeuka jekundu ghafla, kisha hurudi njano likisuuzwa vizuri. Manjano inakuambia kwamba sabuni ni besi. Karatasi ya litimasi ya shuleni hufanya kazi hiyo hiyo, bei yake tu ndiyo kubwa zaidi.

Turudi kwenye kabati. Maji ya betri ya gari, pikipiki au umeme wa jua, zile za risasi, ni asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, na betri inapokuwa imejaa umeme, zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo ni asidi yenyewe. Tone lake likianguka juu ya karatasi halionyeshi kitu siku hiyo. Maji yaliyomo hukauka, lakini asidi ya salfa haikauki. Hubaki, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi ukali. Ndiyo maana Katibu wetu hakuona chochote alipofuta meza, na matundu yakajitokeza baada ya majuma. Ndiyo maana pia shati la fundi betri hutoka sandukuni likiwa zima, likatoboka linapofuliwa.

Na kwa nini shati la pamba na daftari viangamie kwa namna moja? Kwa sababu ni ndugu. Nyuzi za pamba na nyuzi za karatasi zote zimejengwa kwa kitu kimoja kiitwacho selulosi, ambacho ni mnyororo mrefu wa vipande vya sukari, na asidi hukata pingili za mnyororo huo. Wenye viwanda vya mbegu wameligeuza jambo hilo kuwa faida: mbegu ya pamba yenye manyoya huoshwa kwa asidi ya salfa kwa muda mfupi, manyoya yakaliwa yote, ganda likabaki, kisha mbegu husafishwa na asidi iliyosalia huuawa kwa besi. Zile mbegu laini zinazopita vizuri katika mashine ya kupandia zimetoka katika birika la namna hiyo. Besi kali, kwa upande wake, haiikati pamba kwa njia hiyo. John Mercer wa Uingereza aligundua katika miaka ya 1840 kwamba kitambaa cha pamba kikizamishwa katika soda kali huvimba nyuzi zake, kikawa imara zaidi na kushika rangi vizuri zaidi. Kitu kimoja hula zao letu na kingine hulipa nguvu, na katika pipa huwezi kutofautisha kimoja na kingine kwa macho.

Hapa niseme neno juu ya madaftari ya zamani, hata kama hayajaguswa na betri. Makatibu wengi wananionyesha madaftari ya miaka ya 1960 na 1970 ambayo yamekuwa ya kahawia na yanakatika yakikunjwa. Karatasi nyingi za zama zile zilitengenezwa kwa shabu ili wino usisambae, na shabu huacha asidi ndani ya karatasi yenyewe. Ile ya bei nafuu iliyosagwa kutoka ubao hutoa asidi zaidi inapozeeka. Joto na unyevu huharakisha. Kurasa zenye majina na hisa za waasisi zinakiliwe au zipigwe picha sasa, na madaftari yenyewe yawekwe pakavu, mbali na bati la paa.

Kuhusu betri, mahali pake ni sakafuni au juu ya kibao chake peke yake, ndani ya karai la plastiki, penye dirisha, kwa maana inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo cheche ndogo yaweza kuilipua. Anayechanganya asidi mpya humimina asidi ndani ya maji polepole, kamwe si maji ndani ya asidi, kwa sababu joto litokalo ni kubwa kiasi kwamba maji machache huchemka papo hapo na kuirusha asidi usoni. Kuongezea betri iliyopungua maji yaliyotoneshwa si kosa hilo, maana asidi iliyomo imekwisha kuchanganywa. Maji ya ziwa hayafai, yana chumvi zinazoharibu risasi. Asidi ikimwagika mezani au sakafuni, nyunyiza magadi mpaka povu likome. Povu hilo ni hewa ile ile iliyomo katika soda ya chupa, na likikoma ujue pande zimelingana. Ikimrukia mtu, usitafute magadi. Ni maji safi mengi, yanayotiririka, kwa dakika kumi na tano au zaidi, na jicho likihusika apelekwe zahanati huku bado linaoshwa.

Nimeona watu wakiiogopa asidi na kuidharau besi, kwa sababu neno "soda" linawakumbusha maandazi. Katika vikundi vya sabuni vilivyo chini ya vyama vyetu, hatari iliyo kubwa ni soda kali, ile inayoitwa madukani kostiki. Asidi inapogusa nyama ya mwili huigandisha, na sehemu iliyoganda huizuia kidogo isiendelee. Besi kali huyeyusha mafuta na nyama na kuzidi kuingia ndani. Ule utelezi unaousikia vidoleni ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuzwa sabuni. Jicho likipata tone lake laweza kupofuka kabla mwenye jicho hajaona maumivu makubwa.

Kutengeneza sabuni ni kukutanisha besi na asidi zilizofungwa ndani ya mafuta, na kila mafuta yana kiasi chake. Kilo moja ya mafuta ya pamba huhitaji takriban gramu 138 za soda kali iliyo safi. Ya mawese, takriban 141. Ya nazi, takriban 183. Kwa kawaida hupunguzwa sehemu tano katika kila mia ili mafuta kidogo yabaki na besi isibaki, yaani kwa mafuta ya pamba tutumie gramu 131 hivi. Niliwahi kukuta kikundi cha akina mama kilichokopa kwa dhamana ya chama kikafuata kijikaratasi kilichoandikwa kwa ajili ya mafuta ya nazi. Walikuwa na mafuta ya pamba, ambayo ndiyo yanayopatikana kwetu. Kila kilo ilipata ziada ya gramu 45, karibu theluthi moja juu ya kipimo kinachotakiwa. Sabuni ilikuwa nyeupe, ngumu, nzuri kwa macho, ikauzwa yote katika gulio la kwanza. Katika gulio la pili wateja waliirudisha, wakionyesha mikono iliyobabuka. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima, aliniuliza, "Mwanangu, sisi tulipima kwa mizani, tumekosa wapi?" Na kwa hakika walipima. Walichopima ni hesabu ya watu wengine.

Besi hiyo hula sufuria. Vyombo vya aluminiamu visitumike kabisa: soda kali huyeyusha aluminiamu, huku ikitoa haidrojeni ambayo ni hatari karibu na moto. Tumia ndoo nene ya plastiki au chombo cha chuma. Na hapa pia soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji. Mtunza ghala ajue kwamba pakiti iliyofunguliwa huvuta unyevu na hewa ya ukaa, na polepole soda hugeuka kuwa jamaa ya magadi, isiyo na nguvu ya kutengeneza sabuni. Mizani itasoma uzito ule ule au zaidi, lakini bidhaa imepungua. Katika leja ya ghala tarehe ya kufunguliwa iandikwe kando ya uzito. Isikae rafu moja na asidi ya betri, maana zikikutana zikiwa kali hazitulizani kwa upole, huchemka.

Sasa nije shambani, ambako fedha inayohusika ni kubwa zaidi.

Wazee wa Usukuma waliupa udongo majina kabla ya maabara yoyote. Luseni ni mchanga wa miteremko ya juu, karibu na mawe. Ibambasi ni ule mgumu ulio chini yake, ambao jembe hugonga kama sakafu. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha Amani huko Usambara, alichapisha wazo kwamba aina hizi za udongo za mlimani na bondeni zimefungamana kama mnyororo, na wazo hilo sasa hufundishwa duniani kote. Mkulima wa Usukuma anayeshuka na jembe lake kutoka luseni hadi mbugani anatembea juu ya mnyororo huo.

Sababu ya mnyororo, kwa sehemu kubwa, ni asidi na besi. Mawe ya kwetu ni graniti, ambayo tangu asili ina chokaa kidogo. Mvua, ambayo yenyewe ni asidi hafifu kwa sababu ya hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake, huosha madini ya upande wa besi, kama kalisi na magnesi, kutoka mteremkoni na kuyashusha. Luseni hubaki na uchachu. Bondeni maji hukauka na madini hukusanyika, ndiyo maana ukichimba mbugani aghalabu unakuta vijiwe vyeupe. Dondoshea kijiwe hicho siki kali, kitatoa povu: ni chokaa. Hivyo shamba la mwanachama mmoja, lenye ekari mbili tu, laweza kuwa na uchachu juu na besi chini.

Chama kimoja katika eneo langu kiliwahi kusikia katika semina kwamba chokaa huongeza mavuno. Bodi iliazimia kununua chokaa kwa mkopo, na kwa moyo wa haki ikaigawa sawa kwa sawa, kila mwanachama mifuko ile ile kwa kila ekari. Kwa kuwa nchi yetu hapa ni ya graniti, chokaa ilitoka mbali, na gharama ya lori ilikaribia bei ya mzigo wenyewe. Wenye luseni walipata nafuu. Wenye mbuga hawakupata kitu, na baadhi yao mahindi yalitoka na majani ya njano yenye michirizi, kwa sababu udongo ambao besi imezidi hufungia chuma na zinki, mmea ukakosa. Wakati wa makato ulipofika, mkutano mkuu uligawanyika pande mbili, za juu na za bonde, na wengine walihama chama. Nilikagua vitabu vyao. Vilikuwa safi: zabuni, stakabadhi, hati za kupokelea mali, sahihi zote. Hapakuwa na safu ya kuandika kwamba hakuna udongo uliopimwa.

Kwa ujumla pamba hustawi katika udongo wenye pH kati ya 6 na 8 hivi. Ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo katika udongo huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi, manganisi huzidi, na fosfati hufungwa isipatikane. Karanga na choroko hudhoofu kwa kuwa vijidudu vya mizizi yao havipendi uchachu. Muhogo huvumilia zaidi, na ndiyo maana mahali ambapo pamba na mahindi yamekataa utaona muhogo umesimama. Dengu, kinyume chake, hupendelea mbuga.

Uchachu huo huongezwa na mikono yetu pia. Mbolea ya salfeti ya amonia, SA, ni nzuri na hutoa naitrojeni haraka, lakini vijidudu vya udongo vinapoibadilisha amonia ili mmea uitumie hutoa asidi. Wataalamu hukadiria kwamba kila kilo 100 za SA huhitaji takriban kilo 110 za unga wa mawe ya chokaa ili kuirudisha hali ilivyokuwa. Mwanachama aliyetia mfuko mmoja wa kilo 50 katika ekari moja kila mwaka kwa miaka kumi ametia kilo 500, na kwa makadirio hayo anadaiwa na udongo wake kilo 550 za chokaa. Mbugani deni hilo halionekani, maana akiba ya besi ni kubwa. Katika luseni huonekana upesi. Urea nayo huleta uchachu, lakini kwa kila kilo ya naitrojeni ni kidogo zaidi kuliko SA, na CAN ni kidogo zaidi tena, kwa sababu imechanganywa na chokaa.

Samadi ya zizi hupunguza uchachu na hufunga ile aluminiamu yenye madhara, na sisi wenye ng'ombe hatuna udhuru wa kuiacha irundikane. Majivu ya jikoni ni besi na yanafaa bustanini, ingawa ya kaya moja hayatoshi ekari. Jambo moja wanachama walizuie: wasichanganye majivu wala chokaa na SA katika ndoo moja. Besi huifukuza amonia, na ile harufu kali itakayowachoma pua ni naitrojeni waliyoinunua, inapaa hewani.

Kuna pia fosfati ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara. Ni jiwe lililosagwa, na jiwe hilo huhitaji asidi ili liyeyuke. Katika udongo wenye uchachu huyeyuka polepole na kulisha mazao kwa misimu kadhaa, na pia huleta kalisi. Katika mbuga yenye chokaa hukaa kama kokoto. Mfuko ni ule ule na bei ni ile ile. Kinachoamua kama ni mbolea au ni mchanga ni pH ya shamba.

Hata maji ya kupulizia dawa yaangaliwe. Dawa nyingi za wadudu huvunjika upesi katika maji yenye besi, kwa hiyo ndoo iliyokuwa na majivu, magadi au sabuni isitumike kuchanganyia. Maji ya ziwa letu kwa kawaida huwa juu ya 7, na alasiri, mwani unapokuwa umetumia hewa ya ukaa iliyomo, hupanda zaidi. Changanya kinachotosha, pulizia mara moja, usilaze mchanganyiko hadi kesho yake.

Upimaji wa udongo hufanyika katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambacho kilianza katika miaka ya 1930 na ambacho herufi zake ndizo zilizo katika jina la mbegu ya UK 91. Wako wanaodhani kuwa ni za Uingereza. Sisi tulio Nyegezi hatuko mbali nacho, ni kupitia Usagara tu. Gharama ya kipimo kwa sehemu chache za eneo la chama ni ndogo sana ikilinganishwa na lori moja la chokaa.

Sampuli ichukuliwe namna hii. Gawa shamba kwa aina ya udongo, wala si kwa mipaka ya wenye mali, luseni peke yake na mbuga peke yake. Katika kila sehemu chimba mahali kumi na tano hivi kwa kuzungukazunguka, kina cha sentimeta 20, ukiepuka vichuguu, maboma ya zamani na mahali palipochomwa takataka, kwa kuwa hapo pana majivu. Changanya udongo wote katika ndoo safi ya plastiki, uanike kivulini, kisha toa nusu kilo. Usitumie mfuko uliokuwa na mbolea, chumvi au saruji. Saruji ni besi na itadanganya kipimo. Kwa kuwa pamba hupandwa kuanzia Novemba, sampuli zipelekwe Agosti au mapema Septemba, ili majibu yawe mezani kabla Bodi haijakaa kuagiza pembejeo. Jina la kitongoji, aina ya udongo na mbolea iliyotumika mwaka uliopita viandikwe kwenye kipande cha karatasi na kutiwa ndani ya mfuko wa pili, na viandikwe kwa penseli, maana udongo ukiwa na unyevu wino hufutika.